Bwana Ishmael wa Bisil

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kengele ya gwaride, Mwalimu Maundu aliandika neno moja la Kiingereza ubaoni kwa herufi kubwa, kisha akaenda zake. Darasa la saba la shule ya Noonkopir, mjini Kitengela, lilikuwa limezoea. Neno lenyewe lilikuwa rahisi kila mara, na hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Wiki moja lilikuwa "take". Mwingereza hulitumia kwa chai, kwa dawa na kwa picha, wakati sisi tunakunywa chai, tunameza dawa na kupiga picha.

"Kumbe Kiingereza ni maskini!" alisema Caren Akoth, na darasa zima likacheka. "Neno moja linafanya kazi ya matatu."

"Na hiyo 'piga' yetu je?" Mwalimu alimjibu. "Unapiga simu, unapiga mswaki, unapiga pasi. Pasi imekukosea nini?"

Muhula wa pili wa mwaka 2002, neno lilikuwa "run", na safari hii lilikuja na zawadi. Kila mwanafunzi alitakiwa kukusanya maana kumi tofauti za neno hilo, na kuonyesha Kiswahili kinasemaje mahali pa kila moja. Mshindi angeiwakilisha shule katika maonyesho ya wilaya kule Kajiado. Lakini Mwalimu Maundu alikuwa na sharti lake: kila maana iwe na shahidi, yaani mtu halisi aliyelisema neno hilo mwanafunzi akimsikia. Jina la shahidi na mahali anapopatikana yaandikwe daftarini.

"Kamusi ninayo," alisema. "Mnachoniletea ni watu."

Caren aliitaka safari hiyo kuliko kitu chochote. Baba yake, Bwana Ochola, karani wa kiwanda huko Athi River, alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani wote wa ploti kwamba binti yake ataenda Kajiado. Tatizo ni kwamba Caren hakupenda kuzunguka juani akiulizauliza watu. Jumamosi alimwona Wacuka, aliyekaa naye dawati moja, akipita na daftari mkononi, viatu vimejaa vumbi.

"Caren, si twende kwa mafundi wa magari?" Wacuka alimwita. "Mimi niko na sita tu."

"Enda tu. Mimi nitajipanga."

Kujipanga kwenyewe kulikuwa kukaa kitini na kufungua kamusi nene ya baba. Kufikia saa ya chakula cha jioni, Caren alikuwa na maana kumi na nne. Mashahidi aliwaumba mwenyewe: muuguzi huyu, dereva yule. Aliyempendeza zaidi ni Bwana Ishmael, mfanyabiashara wa mbuzi katika soko la Bisil, ambaye eti alisema, "I run two hundred goats," yaani anafuga mbuzi mia mbili. Bisil yenyewe Caren hakuwa amefika hata siku moja.

Jumatatu Mwalimu alitangaza matokeo. Caren alikuwa wa kwanza. Wacuka alikuwa wa pili na maana zake sita, na wengine hawakupita nne.

"Huyu Ishmael amenifurahisha sana," Mwalimu alisema. "Kajiado wanataka kila mwanafunzi aje na shahidi mmoja, na mimi nataka huyu. Jumamosi naenda Bisil kutafuta mbuzi watatu. Mdogo wangu anataka kuoa, na sisi Wakamba mambo ya ukweni yanaanza na mbuzi. Wewe na Wacuka mtakuja, utanionyesha huyo mzee."

Caren angeweza kusema ukweli pale pale. Badala yake alisema, "Ndiyo, Mwalimu," akajipa moyo kwamba soko ni kubwa, watamtafuta Ishmael kidogo, watamkosa, yaishe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Caren ilikuwa na bahati, ilifika mpaka Bisil.

Sokoni, mbuzi walikuwa wamefungwa makundi makundi na vumbi limetanda. Mwalimu Maundu alisimama kwa mfugaji mmoja wa Kimaasai aliyeitwa Lemayian.

"Sopa!" Mwalimu alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa!"

Caren alinyoosha mkono kumsalimu, nao ukabaki hewani. "Inamisha kichwa," Mwalimu alimnong'oneza. Caren akainama, na Bwana Lemayian akamgusa utosini kwa kiganja, kama mtu mzima wa huko anavyomsalimu mtoto. Baada ya mapatano marefu juu ya mbuzi, Mwalimu alimuuliza habari za Ishmael.

"Ishmael? Wa boma gani?" Lemayian aliuliza.

Wote wakamtazama Caren. "Sijui boma," alisema. "Ni... ni mrefu hivi."

"Hakuna shida. Hapa kwetu mgeni akitafuta mtu, hawezi kurudi bila kumpata."

Caren hakuwa amelitarajia hilo. Bwana Lemayian alimwachia Wacuka fimbo na mbuzi wake, akaanza kupita kundi kwa kundi akiuliza. Haukupita muda, wanaume watano walikuwa wakibishana kuhusu Ishmael gani anayetafutwa. Mmoja alikimbia madukani akarudi na fundi cherehani mfupi, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Ni mimi Ishmael. Nani ananiita?"

"Huyu si mrefu," walisema wale watano kwa huzuni, na fundi akarudi kwenye nguo zake.

Wakati huo mnunuzi kutoka Ngong alifika na lori. Aliwapenda mbuzi wa Lemayian, akamuuliza Wacuka bei. Wacuka hakuijua. Mnunuzi alingoja, akatazama saa, kisha akanunua kwa jirani na kuondoka. Bwana Lemayian aliporudi, jasho likimtiririka, aliliona lori likiishia barabarani.

"Yule wa Ngong ameenda?"

"Ameenda," alisema Wacuka kwa sauti ndogo.

Lemayian alipangusa uso kwa ncha ya shuka. "Haidhuru. Nimesikia kuna Ishmael mwingine huko chini ya barabara. Ngoja nimwangalie."

Caren hakuweza tena. "Usiende, mzee!" alilia. "Hayuko! Huyo Ishmael nilimtunga mimi. Wote nimewatunga!"

Mwalimu Maundu hakumpigia kelele, na Caren aliona afadhali angempigia. "Mimi umenidanganya daftarini," alisema taratibu. "Huyu umempotezea mnunuzi. Anza na yeye."

Caren alimwendea Bwana Lemayian na kuinamisha kichwa bila kuambiwa. "Nisamehe, mzee." Alikaa hivyo kwa muda, aibu ikimchoma, mpaka akahisi kiganja utosini.

"Nimekasirika," alisema Lemayian. "Nimetembea jua lote hili. Lakini umesema kabla sijaenda tena. Hiyo nimeiona."

Mwalimu alilipia mbuzi wake watatu, nao wakarudi Kitengela. Jioni hiyo Caren alimweleza baba yake yote. Bwana Ochola alisema kwamba majirani wataambiwa na Caren mwenyewe, mlango kwa mlango. Caren akawaambia.

Jumatatu alikwenda kwa Mwalimu pamoja na Wacuka. "Mwalimu, Wacuka ndiye aende Kajiado."

"Ni haki yake. Lakini yeye ako na sita, na wanataka kumi. Mko na siku nne."

"Nitamsaidia kutafuta, na tutapata," alisema Caren.

"Na utaandika wewe," Wacuka alidakia, "na viatu vizuri uache nyumbani."

Siku hizo nne walizunguka mji wote. Fundi Omolo, kichwa kikiwa ndani ya boneti, alimpigia dereva kelele, "Leave it running!" Wakaandika: acha injini ikinguruma. Kwenye zahanati, muuguzi Lucy alimshika mtoto paji la uso, akasema, "He's running a temperature." Wakaandika: ana homa. Bwana Kahiga aliwapa karatasi za kampeni, "I'm running for councillor." Wakaandika: anagombea udiwani.

Ya kumi iliwatoa jasho. Mama Mumbi, mwenye hoteli, aliwaambia, "Hapa maneno hayaokotwi. Osheni vikombe." Wakaosha. Walipokuwa kwenye karai, mchuuzi wa soda aliingia akimuulizia mume wake, akidhani ndiye mwenye hoteli. Mama Mumbi alijishika kiuno. "I run this hotel. Ongea na mimi!" Caren aliandika upesi, vidole vikiwa na povu: anaiendesha hoteli. Alicheka mpaka akalowesha daftari. Alifurahi kwelikweli, kwa sababu kamusi ya baba haikuwa na kiuno cha Mama Mumbi.

Siku ya maonyesho, ukumbi wa Kajiado ulijaa. Wacuka alieleza maana zake kumi bila kutetemeka. Mwamuzi mmoja alilifunua daftari, akakunja uso.

"Hizi nne za mwisho zina mwandiko mwingine. Ni za nani?"

"Tulikusanya na rafiki yangu Caren," alisema Wacuka. "Yule pale."

"Simama, Caren. Huyu Mama Mumbi yuko kweli, ama ulimtunga?"

Mwalimu Maundu alitazama sakafu. Caren alisimama wima.

"Yuko. Leo amefunga hoteli yake ili aje hapa."

"Ni mimi!" Mama Mumbi aliinuka bila kuitwa. "Na nitarudia: I run that hotel!"

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko na makofi. Wacuka alipata nafasi ya pili wilaya nzima, akamvuta Caren jukwaani wapokee cheti pamoja.

Walipotoka nje, Mwalimu Maundu alimwita Caren kando. "Maana ya neno unaweza kuipata ukiwa umekaa kitini, na hakuna ubaya. Lakini ukiandika kwamba mtu amesema, lazima mtu awepo na wewe uwe ulimsikia. Leo umeulizwa swali lile lile lililokuliza Bisil, kama mtu yuko kweli, na hukulia. Swali halijabadilika, Caren. Safari hii mtu alikuwepo."