Madirisha Mawili Baada ya Mafuriko

Kila mwaka, mwezi wa tisa ulipokaribia kwisha, kijiji kizima cha Jasenik kilinukia pilipili hoho za kuchoma. Radojka alizigeuza juu ya bati uani, moshi ukimwingia machoni. Mama mkwe wake, Bibi Stojna, alikaa kando akimenya maganda. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kama vya mchoma makaa.

"Umeziunguza," alisema Stojna.

"Mama, mwaka jana ulisema ni mbichi."

"Mwaka jana nilizila kwa sababu ya njaa tu."

Wote wawili walicheka. Ndivyo walivyozungumza kwa miaka ishirini na sita.

Walizisaga pilipili, wakazipika mpaka zikawa rojo zito, wakazijaza kwenye chupa za mdomo mpana. Vitomir, mume wa Radojka, alizishusha kwenye chumba cha chini ya nyumba, karibu na pipa la kabichi za kuchacha. Hicho kilikuwa chakula cha majira ya baridi. Pia kilikuwa chakula cha Mtakatifu Dimitri, mtakatifu wa nyumba yao.

Siku yake ni tarehe nane ya mwezi wa kumi na moja. Siku hiyo hakuna anayealikwa, na kila mtu huja. Stojna alikuwa amepokea wageni wa mtakatifu huyo mara hamsini na tatu. Hata mwaka aliomzika mumewe, mlango haukufungwa.

Kisha mvua ikaanza. Ilinyesha siku sita mfululizo. Mto Sava ukajaa, ukawa mzito na wa rangi ya udongo. Gari la ofisi ya wilaya lilipita na kipaza sauti: watu wahamie shule ya kilimani.

"Maji haya hayajawahi kuvuka barabara," alisema Vitomir. "Tangu enzi za babu yangu."

Saa nane mchana maji yalivuka barabara. Walikimbia na walichoweza kushika: picha takatifu ya Mtakatifu Dimitri, mablanketi mawili, na nguruwe aliyekuwa akipiga kelele kuliko watu wote. Hati za nyumba zilibaki kwenye droo ya chini. Dawa za shinikizo la damu za Stojna zilibaki dirishani.

Walirudi baada ya siku tano. Mtu aliyeona nyumba yake baada ya mafuriko hahitaji kuelezwa. Matope yalifika kwenye kifundo cha mguu. Ukutani, mstari wa maji ulipita juu kidogo ya goti. Chumba cha chini kilikuwa kimejaa mpaka ngazi ya juu kabisa. Harufu ilikuwa ya choo na petroli.

Stojna alisimama mlangoni, akafanya ishara ya msalaba. "Zimebaki wiki tatu na nusu," alisema. "Wageni tutawaweka wapi?"

Radojka alichukua koleo. Hakuwa na maneno ya kuomba. Alisema tu moyoni, "Bwana, mikono yangu unaiona."

Siku ya pili alikuja jirani yao Momir na pampu kubwa ya petroli juu ya trekta.

"Kwangu nimemaliza asubuhi hii hii!" alisema kwa sauti kubwa. "Chumba cha chini kikavu kama koo langu. Shusha bomba, bwana, jioni unacheza ngoma humo ndani."

Vitomir alishusha bomba. Pampu ilikuwa imeanza tu kuunguruma wakati mwanamke mfupi mwenye buti za mpira alipoingia uani. Aliitwa Zorana, mfanyakazi wa idara ya maafa ya wilaya. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba tangu alfajiri, na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Zima hiyo!"

"Kwa nini, dada?" Vitomir alikunja uso. "Maji ni yangu, chumba ni changu."

"Zima kwanza, ndipo unigombeze."

Alizima. Zorana akakaa kwenye ngazi, kwa uchovu zaidi kuliko kwa heshima.

"Sikiliza. Udongo nje ya nyumba bado umelewa maji. Ukuta wako wa chini ni kama mtu anayesukumwa na watu wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Wanamsukuma sawasawa, ndiyo maana amesimama. Ukimwondoa ghafla yule wa ndani, yule wa nje atamwangusha."

"Mimi nimezaliwa nyumba hii."

"Nami nataka ufie humo, lakini ukiwa mzee. Si kesho."

Momir alicheka. Vitomir hakucheka.

"Toa theluthi moja tu leo," aliendelea Zorana. "Halafu weka alama ukutani, pale maji yalipofika. Kesho asubuhi tazama. Yakiwa yamepanda juu ya alama, ardhi bado haijawa tayari, usiguse. Yakiwa yametulia, toa theluthi nyingine. Pampu ikae nje, mbali na madirisha, maana moshi wake huua mtu bila kelele. Na umeme msiuwashe mpaka fundi aupime."

"Wiki nzima kwa kisima cha matope!" alisema Vitomir. "Serikali ikituma mtu, inatuma wa kutuchelewesha."

Hata hivyo alitoa theluthi moja, akiguna. Aliweka alama kwa makaa.

Asubuhi maji yalikuwa yamepanda vidole vinne juu ya alama.

Walikuwa bado wanaitazama alama hiyo Momir alipokuja kwa miguu, bila kofia. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. "Ukuta wa upande wa bustani umelala," alisema. "Umeingia ndani wote. Chumba cha kulala kinaning'inia." Vitomir alimwekea mkono begani, wakaondoka pamoja kwenda kuwatoa mbuzi wa Momir.

Baada ya hapo Vitomir hakumwita Zorana mchelewesha watu. Walisubiri siku mbili. Kisha walitoa maji kwa siku tatu, theluthi kwa theluthi, na ukuta ukabaki wima.

Chupa zilitoka matopeni moja moja. Vifuniko vyake vilikuwa vimekaza. Stojna alizipanga juu ya meza uani, akaanza kuzifuta kwa kitambaa chenye rakija, pombe kali ya plamu.

"Rakija huua kila kitu," alisema.

Zorana alikuwa amepita tena. Alivua glovu, akakaa karibu naye. "Bibi, hizi zitupwe."

"Kifuniko kimekaza! Tazama!"

"Naona. Lakini chini ya ukingo wa kifuniko yamepita maji ya vyoo vya kijiji kizima. Huwezi kuyafikia kwa kitambaa, wala kwa rakija. Chakula kilichofungwa nyumbani kikiguswa na mafuriko, hakiliwi. Na maji ya kisima msiyanywe mpaka yapimwe. Tumieni ya gari la tangi."

"Hizi ni za wageni wa mtakatifu."

"Ndiyo maana zitupwe, bibi."

Radojka alizibeba mwenyewe hadi kwenye shimo. Hakuwa amelia kwa ajili ya kitanda, wala kabati, wala picha za harusi. Kwenye shimo la pilipili alilia.

Kazi ikaendelea. Waliyaosha matope kabla hayajakauka. Walibomoa lipu kutoka sakafuni hadi juu ya mstari wa maji, matofali yakabaki uchi. Waling'oa mbao za sakafu. Walivaa glovu, buti na kitambaa puani. Kila mara kabla ya kula walinawa kwa sabuni. Usiku walilala shuleni kilimani, na kila asubuhi mgongo wa Radojka uliamka baada yake.

"Sasa nyumba inataka hewa," aliwaambia Zorana. "Siku isiyo na mvua, fungueni madirisha ya upande wa barabara na ya upande wa bustani. Yote pamoja. Upepo uingie huku, utokee kule."

Hapo ndipo vita vilipoanza.

Watu wa Jasenik hawaogopi mbwa mwitu wala mahakama. Wanaogopa upepo wa madirisha mawili. Kila mtu anajua kwamba hupinda shingo, huziba masikio na kuharibu figo. Basi Radojka alifungua madirisha asubuhi, na Stojna akayafunga. Radojka akayafungua. Stojna akayafunga, akachochea jiko la kuni mpaka bomba likawa jekundu.

"Mama, nyumba haitakauka!"

"Itakauka kwa moto, kama watu wanavyokauka. Upepo wa madirisha mawili ulimuua shangazi yangu Perunika."

"Shangazi Perunika alikufa na miaka tisini na moja," alisema Vitomir.

"Angekuwa hai!"

Baada ya siku nane Zorana alileta tena kifaa kidogo chenye sindano mbili, cha kupima unyevu. Alikichoma ukutani. Kilionyesha themanini na sita.

"Wiki iliyopita ilikuwa themanini na nane," alisema. "Ikishuka chini ya arobaini mnaweza kuishi humu." Alisogeza meza iliyoegemezwa ukutani. Nyuma yake ukuta ulikuwa na madoa meusi yenye manyoya. "Kuvu. Mmewasha moto huku mmefunga. Maji yanatoka kwenye tofali moja, yanaingia kwenye jingine. Mnaipika nyumba kama supu."

Stojna alikohoa. Alikuwa akikohoa kwa siku tatu.

"Kwa hiyo siku ya mtakatifu?" aliuliza Radojka.

"Kwa namna hii, hamtapokea mtu. Na bibi asikae humu hata siku moja."

Stojna alitazama mikono yake. "Mara hamsini na tatu," alisema polepole.

Radojka alitaka kupiga kelele. Alitaka kusema yote ya wiki mbili, na pengine ya miaka ishirini na sita. Lakini alimwona mama mkwe wake jinsi alivyokuwa mdogo ndani ya koti la kuazima. Akameza maneno. Zorana akachuchumaa mbele ya kikongwe.

"Bibi, ukifua shuka, unaifungia kabatini?"

"Mimi si mjinga. Naianika kambani."

"Penye upepo?"

"Penye upepo." Stojna aliona anakopelekwa, akanyanyua kidevu. "Lakini shuka haina figo, binti."

"Na nyumba nayo haina figo. Wewe ndiye unazo. Basi nyumba ikae kwenye upepo, wewe utoke."

Vitomir aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Katika maneno hayo Stojna hakupata pa kushika.

"Nitoke niende wapi?"

"Jiko la uani," alisema Radojka haraka. "Limejengwa juu, maji hayakuingia. Nitakuwekea kiti na kahawa. Shuka moja tu utaianika kwa siku nyingi, mama. Shuka yenyewe ni nyumba."

Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi kavu, Stojna alijifunga mitandio miwili na kwenda kwenye jiko la uani. Madirisha ya pande zote yalifunguliwa mpaka saa kumi. Jioni waliwasha moto kidogo, dirisha moja likiachwa wazi kwa upana wa kiganja. Kuvu Radojka aliisugua kwa maji ya sabuni, mdomo na pua vikiwa vimefungwa. Hakuipangusa ikiwa kavu, kwa sababu vumbi lake huingia kifuani. Fundi alipima umeme, akabadilisha soketi za chini.

Sabini na moja. Hamsini na nane. Siku tatu za ukungu, na namba ikakataa kushuka. Radojka aliomba akiwa na ndoo mkononi, akaendelea kusugua. Arobaini na tisa.

Siku mbili kabla ya Mtakatifu Dimitri, kifaa kilionyesha thelathini na nane.

"Lipu mpya isubiri mpaka masika," alisema Zorana. "Matofali bado yana maji ndani. Lakini laleni kwenu. Na watu waje."

Kikohozi cha Stojna kilikuwa kimeisha. Alisema ni kwa sababu ya mitandio.

Na watu walikuja. Kila mmoja alibeba kiti chake, maana viti vya nyumba vilikuwa vimekwenda na mto. Wanawake wa vijiji vya kilimani walileta maharage, kabichi na nyama. Padre aliukata mkate uliobarikiwa pamoja na Vitomir, akamimina mvinyo juu yake kwa umbo la msalaba. Kama desturi ilivyo, Vitomir hakukaa siku nzima. Mwenye nyumba husimama mbele ya wageni wa mtakatifu wake.

Wageni waligusa matofali na kuuliza maswali. Radojka aliwaonyesha nafasi ya darini, chini ya paa, ambako Vitomir alikuwa amejenga rafu za chakula cha mwaka ujao. Aliwaonyesha mfuko wa plastiki nene uliotundikwa karibu na mlango: nakala za hati, dawa za wiki mbili, tochi, filimbi, namba za simu za jamaa. "Kipaza sauti kikipita," alisema, "tunazima swichi kuu kabla maji hayajafika, tunamfungua nguruwe, tunaondoka. Hatumngojei babu atuambie."

Momir alikuja mwisho. Alisimama mlangoni kama mgeni wa mbali. Alikuwa akiishi kwa dada yake, na nyumba yake ilishikiliwa na magogo.

"Laiti ningengoja," alisema.

"Mimi pia nisingengoja," alisema Vitomir. "Mimi nilizimiwa pampu tu. Ingia ule. Kesho saa mbili tuko kwako, sisi na koleo zetu, na Zorana ataangalia ule ukuta kabla hatujagusa tofali."

Momir aliingia. Stojna akamsogezea sahani, akamwambia amekonda kama ufagio.

Radojka alikuwa akitoka jikoni na mkate. Akaukabidhi kwa mtu, hakukumbuka nani. Alitaka kupumzika kidogo tu. Aliegemeza mgongo kwenye tofali lililo uchi, pale pale mstari wa maji ulipokuwa, akangoja ubaridi uingie kwenye nguo yake kama ulivyoingia kwa wiki zote hizo.

Haukuingia. Ukuta ulikuwa mkavu.

Akafumba macho akiwa amesimama. Stojna alimwona, akainua kidole mdomoni, na nyumba iliyojaa watu ikaanza kuzungumza kwa kunong'ona.