Utepe Juu ya Nobu

Wewe ulipita pale. Usikatae, mimi sisahau. Ulipita kwenye ujia wa maduka ya redio, ukamwona binti wa aproni ya kijivu, bisibisi sikioni, ukadhani anauza chaja. Ukageuza uso.

Mpiga kinanda hakugeuza. Shati lake la zambarau lilikuwa limelowa jasho la msongamano, lakini aliposikia sauti ya kisanduku kilichokuwa mezani pa binti alisimama hadi watu wakamkanyaga.

"Fundi, hicho nini?"

"Kichujio cha sauti. Umeme ukipanda kinafunguka, ukishuka kinajifunga. Sauti inaingia kavu, inatoka na mate."

"Mate?"

"Kama yako hapo. Funga mdomo, kaka."

Akafunga. Kisha ikawa simu kila jioni, naye haanzi kwa salamu, anaanza kwa kuguna wimbo. "Mmmm... mpenzi?"

"Umeanza kunguruma kama friji," Fundi humjibu, akicheka.

Akamtengenezea kichujio chake, kila waya ameulehemu mwenyewe. "Nobu ya mwisho, hiki kitufe cha kuzungusha, sikuelezi. Zungusha utajua."

Siku ya onyesho la mpiga kinanda, Fundi alikaa mbele, gauni la njano, shingo juu kwa fahari. Akaona utepe umebandikwa kwenye ile nobu, isivuke nusu. Na mpiga kinanda mwenyewe kwenye maikrofoni: "Hiki kina kasoro kidogo, ukikizidisha kinalia chenyewe!" Ukumbi ukacheka. Nawe ulicheka. Kiti cha mbele kikabaki kitupu.

Simu hazikupokelewa. Kwa uchungu mpiga kinanda akabandua utepe, akachomoa kinanda, akazungusha nobu hadi mwisho. Bila kulishwa sauti yoyote, kichujio kikaimba noti moja, safi kama maji ya mtungi. Akaitambua. Ni mguno wake wa kwenye simu!

Alifika kwenye ujia akihema.

"Ulikitia sauti yangu?"

"Ukinipigia, mkono mmoja simu, mwingine bisibisi, mpaka kikafanana nawe. Halafu wewe ukaiita kasoro mbele za watu."

Akapanda juu ya stuli. "Jamani! Kasoro ni sikio langu! Kichujio hiki kaunda huyu, kwa mikono yake! Na mimi nataka kumwoa!"

"Shuka, utavunja stuli yangu."

"Nikishuka?"

Fundi akauma mdomo, tabasamu likamponyoka. "Njoo nyumbani kwa mama. Na kichujio. Bila utepe."

Sasa wewe. Meza yake ipo palepale. Weka hadithi chini, nenda, zungusha nobu hadi mwisho, kisha useme kwa sauti nani kaunda. Si kesho. Inuka!