Upande Mmoja wa Mchungwa

Kaveke aligundua Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alipokwenda kumrudisha mbuzi wake aliyekata kamba kwa mara ya tatu katika siku chache. Mbuzi alikuwa akiramba udongo chini ya mchungwa. Kaveke aliinua macho, akamsahau mbuzi. Michungwa yake yote kumi na minne ilikuwa imeungua majani.

Kufikia saa nne, Koplo Mulinge wa kituo kidogo cha polisi karibu na Kiboko alikuwa amekwisha kumtia ndani jirani, Mwau. Koplo alipenda kesi zinazomfikia zimeiva. Mwau alikuwa na pampu ya kupulizia dawa, shamba lake lilipakana na la Kaveke kwa ua wa mkonge upande wa mashariki, na shahidi alikuwapo. Shahidi huyo alikuwa Kitheka, kaka wa marehemu mume wa Kaveke, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Tseikuru. Alisema alimwona Mwau Jumamosi jioni akipuliza dawa juu ya ua.

Ilikuwa habari mbaya kuliko michungwa yenyewe. Alhamisi saa tatu chifu angesikiliza kesi ya shamba hilohilo. Kitheka alidai ni lake. Kaveke alisema mumewe alilipata kwa Kitheka kwa fahali watatu, bila karatasi, mbele ya shahidi mmoja tu, naye ni Mwau. Sasa shahidi huyo alikuwa rumande, na aliyempeleka huko ni Kaveke mwenyewe, kwa kumshtaki baada ya kusikia maneno ya Kitheka.

Kwanza alikuwa amemshuku shemeji yake, nani asingemshuku? Lakini Kitheka alikuwa Tseikuru karibu mwezi mzima, akarudi Jumamosi. Mwau je, amenunuliwa na mtu ili amharibie? Kaveke alijiuliza hivyo siku nzima.

Jumatano saa tatu asubuhi alifika Fahima, mtaalamu wa udongo mzaliwa wa Mwingi, mwanamke mwembamba asiye na haraka. Koplo alikuwa amemwomba aandike jina la dawa iliyotumika, basi. Fahima alizunguka kila mti mara mbili, akachuma majani, akayageuza moja moja mpaka Koplo akachoka.

"Madam, dawa ni gani?"

"Mama Kaveke, hizi pojo chini ya miti umepanda lini?"

"Mwezi wa kumi."

"Ziko kijani. Dawa ikipulizwa inaanguka mpaka chini, na jani linatoka madoadoa. Hili limeungua nchani na kando tu, na majani ya zamani ndiyo yameanza. Hiki kitu kimepanda kutoka mizizini."

"Basi ni maji," Koplo alisema. "Visima vya huku ni chumvi tupu."

Fahima alitumbukiza kipimo chake kidogo cha chumvi kwenye tangi la Kaveke. Maji ya mvua, matamu.

"Tena tazama, afande. Kila mti umeungua upande mmoja, huu wa magharibi, unaotazama nyumba. Mizizi ya upande huu hulisha zaidi matawi ya upande huu. Mwau angemwaga kitu kwake, ungeungua ule wa mashariki."

Kaveke alitazama chini ya mashina. Upande wa magharibi, kwenye kila shina, alikuwa amechimbia chupa ya lita tano iliyokatwa kitako, mdomo chini, ili maji yadondoke polepole mizizini. Aliziweka upande wa nyumba kwa sababu mgongo unauma, na hatua chache ni hatua chache.

Fahima aliing'oa chupa ya kwanza. Chini ya mdomo wake, ndani ya shimo, palikuwa na mabonge ya rangi ya waridi yaliyoyeyuka nusu. Mbuzi alivuta kamba yake akalia.

"Chumvi ya mifugo," Fahima alisema. "Haiui siku moja. Ukijaza chupa, inayeyuka kidogo, mzizi unainyonya, maji yanaibeba mpaka kwa jani. Jani linatoa maji hewani, chumvi inabaki pale mwisho wa safari. Inajaa mpaka jani linaungua. Hii imewekwa kama mwezi umepita. Mwezi uliopita nani alishika hizi chupa?"

Kaveke alihesabu kwa vidole. "Nilienda Nunguni, semina ya kina mama wa kanisa, siku nne. Shemeji alisema atanijazia." Akaishika chupa iliyong'olewa. "Tangu nirudi, nimejaza mimi mwenyewe. Kila jioni, giza likiingia."

Koplo alipiga simu. Saa nne na nusu Mwau aliletwa na pingu mikononi, na Kitheka akatoka nyumbani kwa Kaveke, alikofikia tangu Jumamosi, akiwa bado na kikombe cha chai.

"Mimi nilikuwa Tseikuru," Kitheka alisema kabla hajaulizwa.

"Tunajua," Fahima alisema. "Ndiyo maana ulitaka kitu cha polepole."

"Chumvi inauzwa kila mahali."

"Nani amekuambia ni chumvi?" Koplo aliuliza.

Kitheka alitazama chai yake. Kisha akamgeukia Kaveke.

"Ng'ombe tatu. Shamba yote hii kwa ng'ombe tatu, na zote zikakufa kwa kiangazi kabla mwaka haijaisha. Ndugu yangu akabaki na miti, mimi nikabaki na ngozi. Mwau akinyamaza, ningerudishiwa changu."

"Kwa hivyo ukanitumia mimi kumfunga."

Kitheka aliweka kikombe chini. Koplo alifungua pingu za Mwau, akamfunga nazo Kitheka.

Kaveke alishindwa kumtazama Mwau. Jumatatu alikuwa amelitaja jina lake mbele ya soko zima. "Baba Munyao, nimekukosea. Kesho usipokuja kwa chifu, sitakulaumu."

Mwau alisugua vifundo vya mikono. Alienda mti kwa mti, akishika majani ya upande wa mashariki ambayo bado yalikuwa mabichi.

"Madam, hii chumvi inaweza shuka?"

"Mkiitoa yote, kisha mmwage maji mengi sana, kwa siku nyingi."

"Punda yangu inabeba mitungi minne," Mwau alimwambia Kaveke. "Leo tuanze na hii miti ya mwisho, ndiyo mbaya zaidi. Kesho kwa chifu tutatoka saa mbili, kwa sababu wewe unatembea polepole."

Kaveke alikaa chini palepale penye pojo, akalia.