Meza ya Nusu Mwezi

Saa moja asubuhi Shaibu alifungua kufuli la karakana yake, Chang'ombe ya Dodoma, akasukuma mlango. Meza haikuwepo.

Ilikuwa ya meneja wa kampuni mpya ya mafuta ya alizeti: nusu mwezi ya mninga, pana kuliko mlango. Shaibu aliiundia mle mle ndani. Siku ya kuitoa angetoboa vizibo vya mbao, afungue skrubu zilizofichwa chini yake, aitoe vipande vipande. Siku yenyewe ndiyo hiyo. Ikifika adhuhuri bila meza, meneja angenunua ya dukani.

Koplo Respicius alikagua kufuli: zima. Nondo za dirisha: nzima.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi tu, afande."

"Na kuifungua meza anajua nani?"

"Mimi."

"Umejijibu. Twende kituoni."

"Muulizeni na Gideoni," alidakia Mzee Zablon, mwenye nyumba. "Alinyimwa kazi hii, roho ikamuuma."

Gideoni, seremala jirani, aliinua mkono uliofungwa plasta. "Iliniuma, ndiyo. Ila ningeibeba kwa meno?"

Watu wakacheka. Stara, mdogo wake Shaibu aliyeipiga meza ile msasa, alikuwa amechuchumaa akitazama sakafu.

"Afande, jana nilifagia mimi, nikatoka wa mwisho, nikabana kufuli. Vizibo havitoki bila kutobolewa kwa keekee. Unga wa mbao uko wapi?"

"Kaka yako kafagia."

"Huyu? Hata sahani yake haondoi! Meza imetoka nzima."

"Mlango huu huu? Binti, meza si moshi."

Stara akatoka nje. Ulikuwa mwezi wa kumi, na Dodoma ilikuwa kavu. Nyuki walitanda ukutani kuizunguka fremu ya mlango. Kwingine hapakuwa na hata mmoja.

"Shikamoo, Mzee Zablon. Ukuta huu ulikarabatiwa lini?"

"Marahaba. Krismasi, nikaupaka chokaa mwenyewe. Tangu hapo haujaguswa."

Stara alifukuza nyuki kwa kanga, akabonyeza. Kidole kikazama.

"Mbona nyuki wanakunywa maji ya Krismasi?"

Koplo alikwangua. Chini ya chokaa ya bluu, udongo mbichi. Fremu iling'olewa pamoja na mlango wake, kufuli likining'inia, meza ikapita penye pengo, kisha fremu ikarudishwa.

"Chokaa ya bluu namna hii anayo nani, mzee?"

"Wengi..."

"Mtaa mzima nyumba ya bluu ni yako. Fungua stoo."

Meza ilikuwa chini ya turubai, pembeni ya meza za Dubai ambazo hazijatolewa nailoni.

Zablon aliketi juu ya gunia. "Serikali ilituambia ruksa, leteni bidhaa. Nimezika akiba yangu yote humu, na kila ofisi inamkimbilia Shaibu. Meneja angekosa hii, angekuja kwangu."

"Na mimi nilale mahabusu?" Shaibu aliuliza.

"Ningekuja kukudhamini."

Koplo alitazama saa yake. Adhuhuri ilikuwa inakaribia.

"Kituoni tutafika, mzee. Kwanza shika kona hiyo."

Wakapita nayo katikati ya mtaa kuelekea ofisini kwa meneja, Shaibu na mafundi wa jirani mbele, Zablon nyuma akitweta, watu wakitoka madukani kutazama. Stara alitembea ubavuni mwa Zablon.

"Polepole, mzee," alisema. "Usiikwaruze."