Uso wa Kucheka Kwenye Tableti

"Dada, sogeza hilo sanduku lako, linaziba soketi."

Ndivyo walivyokutana, saa mbili asubuhi, kwenye ukumbi wa wagonjwa wa nje, foleni imefika mlangoni. Kijana alikuwa fundi wa kompyuta: shati limembana mpaka vifungo vinaomba msaada, manukato ya kufukuza mbu, tableti nne kifuani. Dada alikuwa karani wa maoni: sketi ya bluu imenyooka kwa pasi, kalamu nyweleni, fomu mkononi, sanduku la maoni miguuni.

"Sanduku umelikuta hapa," karani akajibu. "Zunguka."

Mkurugenzi wa hospitali, mtu asiyewahi kukalia yale mabenchi hata dakika moja, alikuwa amebuni shindano. Mwezi mzima wagonjwa waulizwe wamehudumiwaje, nusu kwa karatasi, nusu kwa tableti. Njia itakayoshindwa, inaondoka. Na msimamizi wake, bila shaka.

Wiki ya pili mahasimu walishapendana. Wakawa wanapigiana simu, huyu mapokezi, yule dirisha la dawa, hatua thelathini. Upuuzi mtupu.

"Mpenzi, umepata fomu ngapi?"

"Arobaini. Na wewe, mzee wa kubonyeza?"

"Mia mbili!"

"Hongera. Kaoe betri."

Mwezi ulipoisha, tableti zilileta nyuso za kucheka asilimia tisini na saba. Karatasi, walioridhika asilimia arobaini na moja tu; wengine waliandika: "Nesi amenifokea." Mkurugenzi akapiga makofi, akatangaza kwamba wanaopenda karatasi ni walalamishi wa kuzaliwa. Karani akapewa barua ya kuondoka baada ya wiki mbili.

"Umepika majibu," akamwambia kijana kwenye simu.

"Sijagusa kitu, mpenzi!"

"Mpenzi wako chaja." Akakata. Simu ishirini zilizofuata hazikupokelewa.

Siku tatu baadaye akaja shangazi yake kijana, mguu umevimba. Alikaa benchi masaa sita, akafokewa, dawa hakupata. Kijana akampa tableti amwage hasira. Shangazi akabonyeza mara moja. Uso wa kucheka.

"Shangazi! Umeridhika?"

"Nimeridhika na nini, mwanangu? Nimebonyeza hapo penye 'Endelea' ili kidude kiniondokee."

Bingwa wetu akatazama skrini. Ule uso ulikuwa umeshachaguliwa kabla mtu hajagusa. Aliuweka yeye mwenyewe, kwa vidole vyake vya kisomi, ili skrini ipendeze.

Akauondoa, akauliza wagonjwa upya siku nne. Walioridhika, asilimia arobaini na tatu. Akampelekea mkurugenzi.

"Kijana, ripoti imeshachapishwa kwa rangi."

Basi akaingia nayo kwenye kikao cha bodi, bila kualikwa. Bodi, ambayo kazi yake ni kusinzia, iliamka. Karani akabakishwa. Kijana akafukuzwa, na mkurugenzi ndiye aliyemfungulia mlango.

Jumatatu karani akafungua sanduku, akakuta fomu moja ya ajabu. Umehudumiwaje? "Vizuri kuliko nilivyostahili." Maoni mengine: "Nilikukosea. Naomba tuoane."

Akapiga simu. "Mwandiko gani huu, kuku kakimbizwa?"

"Jibu, mpenzi?"

"Njoo ukae benchi masaa sita, kama shangazi yako. Nitakuhudumia zamu yako ikifika."

Akaja, na lile shati lake, akakaa katikati ya wagonjwa. Saa ya tano ya kungoja, karani akasimama mbele yake, kalamu nyweleni.

"Sogea," akasema. "Umeziba nafasi ya mkeo."