Sauti Mpya ya Ching-mei

Ching-mei alipika tambi. Zilikuwa tambi pana, nyeupe, za mchele, zile ambazo sisi watu wa Meinong, kusini mwa Taiwan, tunakula asubuhi, mchana, na hata tukitoka mazikoni. Kila alfajiri alimwaga uji mwembamba wa mchele kwenye sinia, akauweka juu ya mvuke hadi ukashikana, kisha akaukata vipande virefu. Wateja walipoanza kuingia, vitunguu vilikuwa vimekwisha kukaangwa.

Kazi ya tambi haihitaji maneno mengi, na hilo lilimfaa. Ching-mei hakuwa na sauti. Miaka ya nyuma aliugua saratani ya koo. Madaktari wa mji wa Kaohsiung waliondoa sehemu ya koo inayotoa sauti, wakamwachia tundu dogo shingoni la kupumulia. Alipona. Lakini hakuweza tena kusema hata neno moja.

Kompyuta ndiyo iliyosema badala yake. Ilikuwa kompyuta ndogo ya kukunja, na pembeni yake palikuwa na kibao cheusi. Ching-mei aliandika juu ya kibao kwa kalamu maalumu. Maneno yakatokea kwenye kioo, na mashine ikayasoma kwa sauti ya mwanamke. Sauti hiyo ilikuwa kavu kama ya mtu anayetangaza treni stesheni. Wateja walimtania.

"Dada Ching-mei, treni yetu inachelewa leo?"

Naye alicheka bila sauti, mabega yakitikisika.

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake, Bibi Yun. Mume wa Ching-mei alikuwa amefariki, na binti yao, Pei-yu, alifanya kazi mjini Kaohsiung. Kwa hiyo walibaki wawili, mjane na mama wa marehemu. Bibi Yun alikuwa na zaidi ya miaka tisini, na alikuwa haoni kabisa. Hakuweza kusoma karatasi. Hakuweza kuona ishara ya mkono. Ujumbe wa simu haukumfaa kitu. Sauti ile kavu ndiyo pekee iliyowaunganisha.

"Mama, uji uko tayari," mashine ilisema kila asubuhi. "Ni wa moto. Subiri kidogo."

Ilisema Kichina cha redioni, si Kihakka cha nyumbani, lakini Bibi Yun alikuwa amekizoea. Yeye alijibu kwa Kihakka, na kwa kawaida alilalamika kwamba chumvi haikutosha.

Siku moja tangazo lilitokea kwenye kioo cha kompyuta. Lilisema kwamba mfumo wake umepitwa na wakati, na waliouunda hawatautengeneza tena. Ching-mei alilisoma, akalifunga. Kesho yake likatokea tena, akalifunga tena. Ikawa ni desturi, kama mtu anayefukuza nzi mezani. Kompyuta nayo ilianza kuwa nzito. Asubuhi nyingine iligoma kuwaka, na Bibi Yun akakaa kitandani akiita, asipate jibu, mpaka ilipowaka.

Pei-yu alipokuja kusalimia aliliona lile tangazo.

"Mama, umesoma hili?"

Ching-mei akaandika, na mashine ikajibu, "Nimesoma."

"Sasa?"

"Baadaye."

"Kila nikija unaniambia baadaye. Kompyuta hii ni sawa na nyumba isiyo na komeo. Kazini kwetu mtu mmoja alifungua barua moja tu kwenye mashine ya zamani kama hii, wezi wa mtandaoni wakaingia, wakafunga faili zote. Unaogopa nini, mama? Mashine?"

Ching-mei aliandika taratibu. Sauti kavu ikasema, "Siogopi mashine. Naogopa kunyamaza."

Pei-yu hakuelewa. Alidhani ni ukaidi wa uzee. Alimpenda sana mama yake, na alikuwa na hofu ya kweli. Basi alipokuja tena, alileta kompyuta mpya, nyembamba, yenye mfumo mwingine kabisa. Mama yake alikuwa sokoni. Pei-yu akaiweka mezani, akaiwasha, akaichukua ile ya zamani na kibao chake, akavitia kwenye gari. Mama yake aliporudi, alimwonyesha harakaharaka pa kubonyeza, akamkumbatia, akarudi mjini kabla ya foleni ya magari.

Asubuhi iliyofuata Ching-mei alikaa mbele ya kompyuta mpya. Hapakuwa na kibao wala kalamu. Alitafuta herufi moja moja kwa kidole, na kila alipoipata moja, alikuwa amesahau inayofuata iko wapi. Vitu vyote vilikuwa mahali pengine. Uji ulipoa. Hatimaye aliweza kuandika maneno mawili, akabonyeza.

"Mama, chakula," ilisema sauti laini ya msichana.

Bibi Yun aliurudisha mkono wake nyuma.

"Wewe nani?"

Ching-mei akatafuta tena herufi. Kimya kilikuwa kirefu. "Mimi Ching-mei."

"Usinidanganye, binti. Namjua mke wa mwanangu. Yuko wapi?"

Ching-mei alimshika mkono, lakini bibi aliukunja ngumi. Alisikiliza kwa muda, kichwa kimeinama, kisha machozi yakaanza kumtoka.

"Kama amekufa, niambieni," alisema. "Mwanangu alipokufa pia mlinificha mpaka jioni."

Hakula asubuhi hiyo wala mchana. Aliomboleza kwa sauti, kama watu wanavyomlilia maiti. Na Ching-mei alisimama kando ya kitanda, mzima, akisikia analiliwa, asiweze kusema kwamba yuko pale.

Jirani yao Lo Chih-hung alikisikia kilio. Lo alikuwa mwalimu. Alifundisha watu wazima kutumia kompyuta katika ukumbi wa mtaa. Alipoingia alimkuta Ching-mei akibubujikwa na machozi huku akionyesha mezani. Lo akaiona kompyuta ngeni, akafahamu nusu ya habari. Aliketi karibu na Bibi Yun, akamwambia kwa Kihakka kwamba Ching-mei yu hai, ila mashine yake imebadilishwa.

"Wewe ni Lo, nakujua," bibi alisema. "Lakini mbona hasemi mwenyewe?"

Lo aliinuka. Alitoka nje, akampigia simu Pei-yu, akamwomba arudishe mashine ya zamani siku ileile.

Pei-yu alifika jioni, uso umempauka. Ching-mei alipoandika kwenye kibao chake na sauti kavu ikasema, "Mama, nipo," Bibi Yun alinyoosha mikono yote miwili hewani akimtafuta. Kisha akaomba chakula. Pei-yu alimwangalia bibi yake akila, akajifunika uso.

Baadaye wakakaa watatu sebuleni.

"Nilitaka kumlinda," Pei-yu alisema.

"Na ulikuwa na sababu," Lo alimjibu. "Dada Ching-mei, nawe sikiliza. Kila kompyuta ina mfumo mkuu unaoendesha vitu vyote vingine. Wezi hutafuta matundu kwenye mfumo huo kila siku, na wenye mfumo huyaziba. Wenye mfumo wako hawazibi tena. Ukiendelea kuutumia kwenye mtandao, siku moja utapoteza vyote kwa mpigo. Pei-yu hakosei hapo."

Ching-mei aliitikia kwa kichwa.

"Kosa liko wapi basi?" Pei-yu akauliza.

"Ulimwuliza mama anafanya nini na kompyuta, kuanzia asubuhi hadi jioni?"

"Anaongea."

"Na nani? Kwa kutumia nini?"

Pei-yu akakitazama kibao cheusi. Lo akaeleza kwamba darasani kwake huona jambo hili kila mara. Mtu akikataa kubadili mfumo, jamaa zake husema ni mvivu, au mwoga, au amezeeka. Lakini mara nyingi ana sababu, hata kama hajui kuisema. Mikono yake imeshazoea. Kifaa chake hakikubaliani na mfumo mpya. Programu anayoitegemea haipo huko. Au anaogopa kwamba akikwama, kazi yake itasimama na hakuna wa kumsaidia.

"Kwa hiyo tunaanza na sababu hizo," alisema. "Mashine tunaishika baadaye. Na ya zamani haiondoki mezani mpaka mpya iweze kufanya kazi yake yote."

Wakaanza. Kwanza Lo aliiondoa ile ya zamani kwenye mtandao. Kusoma maneno kwa sauti hakukuhitaji mtandao, kwa hiyo Ching-mei aliendelea kuongea kama kawaida, na wezi hawakuwa na njia ya kuingilia. Kisha walinakili kila kitu chake: picha za mumewe, maelekezo ya mapishi, na sentensi alizohifadhi ili asiziandike upya kila siku. Waliziweka kwenye diski ya pembeni, halafu kwenye kompyuta mpya. Lo alimtaka Ching-mei afungue faili mwenyewe ahakikishe zinafunguka.

"Na kalamu yako itafanya kazi, usijali," alisema.

Haikufanya. Lo alichomeka kibao, akachomoa, akachomeka tena. Waliotengeneza kibao kile hawakuwahi kukiandalia programu ya mfumo mpya. Lo alikuna kichwa, akamwomba radhi, akasema alipaswa kuuliza kabla ya kuahidi. Akawapigia simu watu anaowafahamu, na baada ya siku kadhaa akapata kibao cha aina nyingine kilichokubali mifumo yote miwili. Kalamu yake ilikuwa nyepesi zaidi. Ching-mei aliandika nacho kwanza kwenye mashine ya zamani, mpaka mkono ukakizoea, ndipo akahamia kwenye mpya.

Ilibaki sauti. Hapo Lo hakuahidi kitu. Aliuliza, akatafuta, akarudi.

"Sauti ile ni mali ya waliouza programu," alimwambia. "Waliitengeneza kwa mfumo wa zamani tu. Haihamishiki."

Ching-mei aliandika, na sauti kavu ikauliza habari zake yenyewe. "Basi itakufa?"

"Ndiyo. Siku mashine itakapokufa. Siwezi kukuficha."

Kisha Ching-mei akaandika tena. "Tuanze kabla haijafa."

Kompyuta mpya ilikuwa na sauti kadhaa. Pei-yu alitaka kumchagulia mama yake iliyo nzuri. Akajizuia, akauliza. Mama yake akaonyesha kwa kalamu upande wa chumba cha Bibi Yun. Kwa kuwa bibi ndiye atakayeishi nayo, bibi ndiye achague.

Wakamketisha bibi kitini, wakamsikilizisha sauti moja baada ya nyingine.

"Huyu anauza dawa ya meno," alisema ya kwanza ilipomaliza.

Kuhusu ya pili alisema ana haraka mno, huenda ana mtoto analia nyumbani. Ya tatu aliisikiliza mara mbili. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, nzito kidogo.

"Huyu amekula akashiba," alisema. "Huyu anaweza kukaa hapa."

Tangu hapo mashine mbili zilikaa mezani pamoja. Ching-mei alitumia kwanza ile ya zamani. "Mama, sasa nitasema kwa sauti ile nyingine. Ni mimi." Kisha alikwenda kuketi kitandani na mashine mpya mapajani, akauweka mkono wa bibi shingoni kwake, juu ya kovu, akabonyeza, nayo ikasema, "Umeamkaje?" Hapo mwanzo ilikuwa salamu tu. Bibi akichoka, au akiuliza kwa wasiwasi ni nani huyo, Ching-mei alirudi kwenye sauti kavu bila kubishana. Baadaye sauti mpya ikatangaza uji. Baadaye ikasimulia habari za wateja. Pei-yu alipopiga simu kuuliza kwa nini wanakawia hivyo, Lo alimwambia awaache, hakuna anayewakimbiza.

Asubuhi moja bibi alionja uji, akasonya.

"Hata ukibadilisha sauti," alimwambia Ching-mei, "chumvi bado haitoshi."

Ching-mei alicheka hadi akalazimika kukaa chini.

Pei-yu alikuja mara nyingi zaidi. Alijifunza kuuliza kabla ya kugusa. Aliipanga kompyuta mpya ya mama yake ili mfumo wake ujiboreshe wenyewe kila wiki, na akamfundisha kunakili faili kwenye diski ya pembeni. Alipomfundisha alikaa pembeni na kuiacha mikono ya mama yake ibonyeze.

Msimu wa tufani ulipofika, mvua ilinyesha mfululizo. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Tufani ilipopita, Ching-mei alibonyeza kitufe cha kompyuta ya zamani. Kioo kilibaki cheusi. Alisubiri, akabonyeza tena. Lo alikuja, akaifungua, akaichungulia, akatikisa kichwa. Hakuna faili iliyopotea. Kilichokwenda ni ile sauti.

Ching-mei alikaa muda mrefu mbele ya kioo cheusi, mikono mapajani. Kisha akavuta kalamu.

"Mama," ilisema sauti nzito, "ile sauti ya zamani imekwenda. Haitarudi."

Bibi Yun aligeuza uso upande wa meza. Alikaa kama anayesikiliza mtu akiondoka barabarani.

"Ilitutunza vizuri," alisema mwishowe. Akapapasa mpaka akaupata mkono wa mke wa mwanawe. "Haya, niambie. Upepo umefanya nini huko nje? Mipapai imesimama?"

Ching-mei alikwenda mlangoni akatazama. Akarudi, akaketi, akashika kalamu, na akaanza kumweleza yote.