Jino Alilolificha Olga

Kila asubuhi kabla ya shule, Olga alikwenda bombani na madumu yake ya njano, na kila asubuhi alimkuta rafiki yake Larissa amekwisha kumshikia nafasi kwenye foleni. Hapo bombani, katika kijiji cha New Congo ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, maji huja polepole lakini habari huja mbio. Utajua nani amejifungua, nani amegombana na mumewe, na nani ameitwa kwenye mahojiano ya safari.

Safari yenyewe ni ile ya kuhamishiwa nchi za mbali, ambayo wakimbizi wengi wameingoja miaka na miaka. Mtu akiitwa, yeye mwenyewe hasemi ng'o. Hata jirani anayemwazima moto wa jikoni hamwambii. Anaogopa wivu, anaogopa kusemwa, anaogopa kurogwa. Kwa hiyo Olga na wazazi wake walipoitwa mahojianoni, baba yake, Bienfait, muuzaji wa unga wa muhogo sokoni, alifunga mlango kwanza, ndipo akasema.

"Mambo ya nyumba hii yabaki katika nyumba hii. Sasa bado kupimwa na madaktari. Basi mwaka huu hapa hakuna kuugua! Mumesikia?"

Alisema akicheka. Mama yake, Nathalie, akacheka, na mdogo wake Olga, Pacifique, aliyekuwa bado darasa la kwanza, akacheka mpaka akaanguka mkekani. Olga peke yake hakucheka. Alilichukua neno lile kama amri.

Haukupita muda, wakiwa wanakula maharage, Olga akauma jiwe. Kwaa! Gego lake la chini upande wa kushoto, ambalo lilikuwa na tundu la siku nyingi, likavunjika kipande. Maumivu yakapanda hadi sikioni. Alikuwa karibu kupiga ukelele, lakini akamtazama baba yake, akameza kipande cha jino pamoja na maharage na jiwe lake, akanyamaza.

Angeweza kumwambia mama yake kesho yake. Kweli alikusudia. Lakini asubuhi, kwenye foleni ya maji, Larissa alimvuta pembeni.

"Umesikia ya wale wa Rubondo, humu humu kambini? Safari yao imekatwa. Mtoto wao alikutwa na meno mabovu. Wanayahesabu, Olga! Likipungua moja, familia nzima inabaki."

"Nani amekuambia?"

"Kila mtu anajua. Tena ukienda kung'oa mjini Mbarara, wanakupiga picha ya mdomo kwa mashine. Ile picha inakwenda moja kwa moja kwa wale wanaotoa safari."

Ee, huyo "kila mtu" ni mwongo hodari! Hana jina wala nyumba, lakini husadikiwa kuliko mwalimu. Olga alimsadiki. Aliinua dumu lake akaenda nyumbani akiwa ameuma midomo, na toka siku hiyo akawa mlinzi wa jino bovu.

Alitafuna upande wa kulia tu. Mahindi ya kuchoma aliyakataa, miwa akaikataa. Maumivu yakizidi, alichota chumvi akaishindilia ndani ya tundu la jino, machozi yakimtoka. Shuleni mwalimu alipomwita asome kwa sauti, alisema koo linamuwasha. Jirani yao Pascasie, mama wa Kirundi aliyependa watoto wa watu kama wake, alimwuliza, "Mwanangu, mbona unatafuna upande mmoja?" Olga akaona huyo ni mpelelezi tu. Kesho yake alizunguka nyuma ya choo ili asipite mlangoni kwake.

Mama Nathalie naye hakuwa mtu wa kudanganywa na kopo la chumvi.

"Olga, kuja hapa. Hii chumvi inaenda fasi gani, inaenda wapi? Nimenunua juzi, leo nakuta chini."

"Sijui, mama. Labda Pacifique."

"Si mimi!" Pacifique alilia. "Mama, haki ya Mungu, si mimi!"

Lakini ni nani aliyewahi kumwamini mtoto mdogo mbele ya kopo tupu? Pacifique alinyimwa kucheza mpira, akakaa kizingitini akivuta kamasi na kuwatazama wenzake wakikimbia. Olga alimwona. Moyo ulimuuma kupita jino, lakini hakusema kitu. Alijiambia kwamba huyo mtoto akishapanda ndege atasahau.

Basi, wahenga walikwisha kusema: mficha maradhi, kilio humfichua. Asubuhi moja Olga aliamka shavu limefura, jicho la kushoto limekuwa dogo, mwili unachemka kwa homa. Alijifunika kitenge kichwani kama ajuza anayekwenda kanisani. Mama yake alikivuta kile kitenge mara moja tu.

"Yesu wangu! Bienfait, kuja uone mutoto!"

Katika kituo cha afya mganga aliangalia, akatikisa kichwa, akampa vidonge vya kuua wadudu wa usaha na vya kupunguza maumivu. Uvimbe ukipungua, alisema, waende Mbarara kwa daktari wa meno mwenye mashine ya picha, maana mizizi ya jino lile ilihitaji kuonekana vizuri.

Mashine ya picha! Olga aliposikia hivyo, homa ilimrudia upya. Siku zilizofuata, shavu lilipoanza kunywea, alijaribu kusema amepona. Alitafuna hata karanga mbele ya baba yake ili amwonyeshe. Baba yake aliona machozi yanamlengalenga.

"Tunaenda," alisema.

Kliniki ya Mbarara ilikuwa upande wa mtaa wa Ruharo, ina ukuta mweupe na mlinzi langoni. Mlinzi aliuliza, "Mnatoka wapi?" Olga akashtuka. Kwa nini anataka kujua? Ndani, dada wa mapokezi alisema kitu na mwenzake kwa Kinyankole, lugha ya wenyeji, wakacheka. Wanatucheka sisi? Wanasema nini? Mzee mmoja alitoka chumba cha ndani akiwa amefunga mdomo kwa kitambaa, hawezi kusema lolote. Olga alimtazama akafikiri: huyo naye ameshachukuliwa habari zake zote.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, jina lake Ancilla. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Uganda, kinachokwenda njia yake kisijali sarufi, lakini kinafika.

"Karibu, nyabo, bibi mdogo. Kaa hapa. Fungua mdomo tuone hiyo jino."

Olga alikaa, akashika mikono ya kiti, akafunga mdomo kabisa.

"Fungua, Olga," baba yake alisema. Olga akatikisa kichwa.

"Anaogopa sindano," daktari alisema. "Wote wanaogopa. Hata askari wakubwa, wanalia hapa."

"Siogopi sindano," Olga alisema kwa meno yaliyoumana. "Hiyo picha inakwenda wapi?"

"Picha gani?"

"Ya mashine."

Daktari Ancilla aliinua nyusi. Hakucheka. Alivuta kigoda chake akakaa chini kidogo kuliko Olga, akaonyesha kioo cha kompyuta ukutani. "Inakuja hapa. Mimi naangalia mizizi iko namna gani, nisije nikavunja jino ndani. Basi."

"Halafu?"

"Halafu nang'oa."

"Na baada ya kung'oa, unampelekea nani?"

"Mtoto huyu!" baba yake aling'aka. "Unamwuliza daktari kama polisi? Una nini wewe?"

Hapo ndipo lilipopasuka. Si jino, bali lile lililokuwa nyuma ya jino. Olga alilia kwa sauti, mate yakimchuruzika, maneno yakitoka vipande vipande.

"Papa, batatukatala! Watatukataa kama wale wa Rubondo, Larissa ameniambia! Wanahesabu meno! Mukikosa safari itakuwa sababu ya mimi. Wewe mwenyewe ulisema hakuna kuugua. Ulisema mwaka huu hakuna kuugua!"

Bienfait alisimama katikati ya chumba na kofia yake mkononi. Alikumbuka siku ile aliyofunga mlango. Alikumbuka alivyocheka. Mtu mzima hutupa neno likaenda zake, naye mtoto huliokota akalala nalo.

Alimgeukia daktari kwa sauti ya chini. "Docteur, ni kweli? Jino linaweza kukata safari?"

"Mimi sijui mambo ya safari," daktari Ancilla alijibu. "Hao watu hawanijui, na mimi siwapelekei kitu. Lakini usaha naijua. Ukiacha hapa, inaweza kushuka kwa shingo, mtoto akashindwa kupumua. Nimeona. Hiyo ndiyo najua."

Baba alipiga goti kando ya kiti, kitu ambacho Olga hakuwahi kumwona akifanya nje ya kanisa.

"Nisikilize, mwanangu. Wale wa Rubondo siwajui, na huyo aliyekuambia hawajui. Lakini tuseme ni kweli. Tuseme watatukataa kwa ajili ya jino. Basi tutabaki Nakivale, nitauza unga wangu, tutakula wote kwenye sahani moja. Unafikiri nitapanda ndege niende nchi ya watu, nikiwa nimekuacha hapa ndani ya udongo? Hiyo nchi ingekuwa na faida gani kwangu?"

Olga alimtazama baba yake. Alitafuta uongo machoni mwake, maana alikuwa amezoea kuutafuta kila mahali. Hakuuona. Kisha akafungua mdomo.

Picha ilipigwa, na ni kweli ilitokea pale ukutani. Kwenye ncha ya mzizi palionekana doa jeusi, ndipo usaha ulipojificha. Daktari alimwonyesha kila kitu kabla ya kukitumia, maana alikwisha kumjua mgonjwa wake. Sindano ya ganzi ilichoma kidogo, halafu mdomo ukawa si wake, ukawa mzito na mnene. Daktari alilishika jino kwa koleo, akalitikisa huku na huku, jinsi mtu anavyotikisa shina la muhogo kabla ya kulivuta. Olga alisikia msukumo na mlio wa kukwaruza, lakini maumivu hakuyasikia. Mara jino likatoka na mizizi yake yote, jeusi, linanuka.

"Hii ndiyo ulikuwa unalinda?" daktari aliuliza.

Olga aliona aibu. Hata hivyo alinyoosha mkono. "Nipe nende nalo," alisema kwa mdomo wa ganzi. Mashaka hayamtoki mtu kwa siku moja. Daktari alilisafisha akamfungia kwenye karatasi. Akamwambia aume pamba vizuri, asisukutue mpaka kesho, na kesho atumie maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Chumvi katika maji, alirudia, si ya kushindilia.

Jioni, nyumbani, Mama Nathalie alisikiliza habari yote bila kuwakatiza. Pacifique alikuwa analiangalia jino kwa hofu. Olga alimvuta karibu.

"Mama, ile chumvi nilichukua mimi. Pacifique hakuiba. Nilimsingizia."

"Nilisema mimi!" Pacifique alipiga kelele, akaruka. "Nilisema! Hamkuniamini!"

"Ulisema, mwanangu," mama alijibu. "Nisamehe. Na wewe Olga, unaona? Ulianza kuficha kitu kimoja, kikazaa cha pili. Ulificha jino, ukaficha chumvi, halafu ukamfanya ndugu yako awe mwizi. Ukaanza kumwogopa hata Pascasie, ambaye ameuliza habari zako kila siku. Siri ya nyumba ni ya maneno. Maumivu si siri. Maumivu unayasema, na unayasema mapema."

"Nimekosa, mama. Pacifique, nisamehe."

Pacifique alifikiri, akasema atasamehe baada ya kucheza mpira kesho mpaka giza. Wakakubaliana.

Mama Nathalie hakuwa amemaliza. Alikunja mikono, akawatazama mmoja mmoja kwa jicho lile lile alilotumia kulitazama kopo la chumvi.

"Sasa niulize mara moja tu. Kuna mwingine anayeficha kitu katika nyumba hii?"

Pacifique aliangalia vidole vyake vya miguu. Bienfait aliangalia paa, kana kwamba mvua inavuja, na mvua haikuwapo.

"Bienfait?"

"Mimi? Hapana. Ni... ni mgongo tu."

"Mgongo gani?"

"Tangu nilipobeba yale magunia ya unga. Usiku silali. Nilisema tukishapimwa na madaktari ndipo nitasema."

Mama Nathalie alimtazama mumewe, akaanza kucheka. Olga naye akacheka nusu mdomo, maana nusu nyingine bado ilikuwa ya daktari Ancilla.

"Kesho asubuhi mnaenda kituo cha afya wewe na mgongo wako," mama alisema. "Watoto hawashiki tunayosema tu, wanashika na tunayofanya. Olga atakupeleka, naye atamwambia mganga kila kitu, kwa sababu wewe sikuamini."

Kesho yake Olga alitangulia njiani, baba yake nyuma akijishika kiuno. Walipofika kwa Pascasie, Olga hakuzunguka nyuma ya choo. Pascasie alikuwa anafagia mlangoni, akauliza, "Mnakwenda wapi asubuhi yote hii?"

Bienfait alikohoa, akasita, kwa maana mazoea ni mazoea.

"Hospitali," alisema. "Naumwa mgongo."